Roboti Huyu au Roboti Hii?

Kiswahili hakimruhusu msemaji kujificha. Ukitaka kueleza kwamba mashine fulani imebeba sanduku, ni lazima uamue kabla hujafika kwenye kitenzi: roboti amebeba, au roboti imebeba? Gari likijiendesha lenyewe bado ni gari hili. Kinyago kina macho, pua na mdomo, pengine kimechongwa kwa ustadi hata ukadhani kitapumua, na bado tunasema kinyago hiki. Lakini mashine ikishapewa miguu miwili na kichwa, ulimi wa wengi wetu huteleza hadi kwenye ngeli ya watu na wanyama, na taarifa za habari nazo husema "roboti huyo alijibu". Hakuna mwalimu wa sarufi aliyetufundisha hivyo. Tumefundishwa na hadithi na sinema.

Katika makala haya nitashika utaratibu mmoja. Roboti wa hadithini na wa kwenye filamu ni huyu. Roboti ya kweli, yenye mota, nyaya na skrubu, ni hii. Anayemngoja huyu akaletewa hii hukosea mara nne: anapoinunua, anapoitumia, anapoiogopa, na anapojaribu kuitengeneza.

Jina lilitangulia mashine. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alilitumia neno hili katika tamthilia yake R.U.R., iliyochapishwa 1920 na kuigizwa Prague Januari 1921. Aliyempa neno ni kaka yake, Josef, akilitoa kwenye robota, yaani kazi ya kulazimishwa, ile ambayo Kiswahili kinaiita shokoa. Roboti wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walikuwa nyama iliyotengenezwa kiwandani, wenye sura za watu kabisa, na katika tamthilia hiyo wanaasi na kuwaangamiza binadamu. Kwa hiyo neno lilizaliwa likiwa limebeba mambo matatu kwa pamoja: utumwa, sura ya mtu na uasi.

Mashine yenyewe ilichelewa. Mvumbuzi Mmarekani George Devol aliomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, mwaka 1954, na mwaka 1961 roboti ya kwanza ya viwandani, Unimate, ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya metali vya moto kwenye mashine ya kusubu, yaani ya kuunda vitu kwa metali iliyoyeyushwa. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 1,800 na mkono mmoja. Haikuwa na kichwa wala macho, na hatua zake zilihifadhiwa kwenye ngoma ya sumaku, kumbukumbu ya kompyuta za zamani. Kati ya jukwaa la Prague na kiwanda cha New Jersey ilipita miaka 40, na katika miaka hiyo kizazi kizima kilikuwa kimeshawajua roboti, tabia zao, sauti zao na hasira zao, bila kuona hata mmoja anayefanya kazi.

Ndani ya miaka hiyo kuna kisa kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Katika Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939, kampuni ya Westinghouse ilionyesha mashine iitwayo Elektro, yenye kimo cha zaidi ya mita 2. Mwonyeshaji alishika mkono wa simu, akatoa amri, na Elektro ikatembea, ikahesabu kwa vidole, ikazungumza. Watazamaji waliona kiumbe anayeelewa lugha. Ndani yake, sauti ya mwonyeshaji iligeuzwa kuwa mapigo ya umeme na mashine ikayahesabu mapigo hayo. Maana ya maneno haikuwa na kazi yoyote, kilichohesabiwa ni idadi na mpangilio wa mapigo. Majibu yake yalitoka kwenye santuri zilizorekodiwa mapema. Hakuna aliyedanganywa kwa uongo wa wazi. Umbo la mtu lilitosha kuwafanya watu wajaze sehemu zilizobaki wenyewe.

Kujaza huko ndiko kunakoendelea mpaka leo.

Roboti wa hadithini huja mzima mzima. Akiongea, basi anaona. Akiona, anaelewa. Akielewa, anaweza kukunja shuka, kufungua mlango uliokwama na kumtuliza mtoto anayelia. Mwandishi hana haja ya kueleza, kwa sababu watu ndivyo walivyo: anayeweza kukuelekeza njia kwa ufasaha kwa kawaida anaweza pia kuitembea. Katika mashine, uwezo mmoja hauna undugu na mwingine. Kila uwezo hujengwa peke yake, mara nyingi na kikundi tofauti cha wahandisi, kwa data tofauti, na huharibika peke yake. Mtafiti wa roboti Hans Moravec aliliandika jambo hili mwaka 1988: ni rahisi kuifanya kompyuta ifikie kiwango cha mtu mzima katika mitihani ya akili au mchezo wa drafti, na ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kujongea. Mei 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Kete zake zilisogezwa ubaoni na mtu aliyeketi upande wa pili wa meza.

Upande wa pili wa kosa hilohilo ni kutoziona roboti zilizopo. Viwandani duniani kuna zaidi ya roboti milioni 4 zinazofanya kazi. Kampuni ya Amazon ilitangaza mwaka 2025 kwamba imefikisha roboti milioni moja katika maghala yake, na nyingi kati ya hizo zinafanana na meza fupi isiyo na miguu: huingia chini ya rafu, huinyanyua na kuihamisha. Hazina uso, hazina mikono, hazina jina. Mtu anaweza kuishi miaka mingi akila, akivaa na akiendesha vitu vilivyopitia mikononi mwa roboti huku akiuliza roboti zitakuja lini.

Sasa chukua agizo ambalo kila roboti wa sinema hulitekeleza bila kufikiri: niletee ile glasi ya maji mezani.

Tatizo la kwanza ni kuiona. Kamera nyingi za kupima kina hurusha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu, na kupima jinsi unavyorudi. Glasi huupitisha mwanga huo au huupindisha. Ukitazama kwenye skrini ya kompyuta kile ambacho mashine inapokea, meza iko wazi, kitabu kipo, kijiko kipo kwa shida kwa kuwa kinang'aa, na pale glasi iliposimama kuna doa jeusi lisilo na kipimo, au kuna meza tupu tu. Anayeona skrini hiyo kwa mara ya kwanza hukaa kimya kidogo, kwa sababu glasi iko mbele ya macho yake. Kazini suluhisho huwa la kawaida: zungusha utepe usiong'aa kwenye glasi, tumia kikombe kisichopitisha mwanga, au fundisha programu itambue glasi kwenye picha ya rangi kisha ikadirie umbali kutokana na meza inayoizunguka.

Tatizo la pili ni kupeleka mkono palipoonekana kitu. Kamera ina vipimo vyake na mkono una vyake, na ni lazima vilinganishwe. Utaratibu wa kawaida ni kufunga ubao wenye miraba myeusi na myeupe, kuupiga picha mkono ukiwa katika mikao 15 hadi 20 iliyo tofauti kweli, yenye kuinama na kuzunguka, kisha kuiachia programu ikokotoe kamera iko wapi kulingana na mkono. Wanaoanza hufanya kosa la kusogeza mkono kushoto na kulia tu bila kuuzungusha, na hapo hesabu hutoka mbaya hata kama programu haitoi onyo. Kosa la nyuzi 1 tu kwenye mwelekeo wa kamera, kwa kitu kilicho umbali wa milimita 800, humaanisha vidole vitafika karibu milimita 14 kando. Kwa glasi, hiyo ni tofauti ya kuishika na kuiangusha.

Kuna namna ya kutambua kosa hilo bila vifaa. Jaribu kushika kitu kilekile mara 10 mahali tofauti mezani. Vidole vikikosea kuelekea upande uleule kila mara, kamera imesogea au ulinganishaji ni mbovu. Pengine mtu aliigusa alipokuwa akifuta vumbi. Vikikosea huku na huku bila mpangilio, acha kamera ilivyo. Kagua skrubu zinazofunga vidole, ulegevu wa gia kwenye viungo, au vipimo vya kina vinavyoyumba kwa sababu ya jua linaloingia dirishani.

Tatizo la tatu ni nguvu ya kushika. Ngozi ya kiganja cha mtu ina takribani vipokezi 17,000 vya mguso, na vidole hukaza vyenyewe mara glasi inapoanza kuteleza, kabla mwenye mkono hajajua. Koleo la kawaida la roboti lina vidole viwili na halina ngozi. Linakadiria nguvu kwa kupima umeme unaotumiwa na mota. Glasi kavu na glasi yenye unyevu zinataka nguvu tofauti, na mota haijui lolote kuhusu unyevu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ushikaji wa viwandani haitumii vidole kabisa, hutumia mpira wa kufyonza hewa. Bomba likipata tundu dogo au mpira ukichakaa ukingoni, masanduku huanza kuanguka katikati ya safari, na tiba yake ni kubadilisha kipande cha mpira.

Tukihesabu kuona, kukadiria, kusogea, kufungua vidole, kushusha, kufumba, kuhakikisha, kunyanyua, kugeuka, kukwepa kiti, na mengine hadi glasi ifike mkononi mwa aliyeomba, tuseme ni hatua 20. Kila hatua ikifaulu mara 98 kati ya 100, jambo ambalo katika maabara ni sifa, basi safari nzima itafaulu mara 67 hivi kati ya 100. Kila hatua ikifaulu mara 99, safari inafika 82. Ili safari nzima ifaulu mara 98 kati ya 100, kila hatua ndogo inatakiwa ifaulu mara 999 kati ya 1,000. Natamani hesabu hii ingeandikwa juu ya kila onyesho la roboti za nyumbani. Inaeleza kwa nini video moja nzuri inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado bidhaa isifike miaka mingi baadaye.

Miguu nayo imetugharimu. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, mitambo ya nyuklia ya Fukushima Daiichi iliharibika kiasi kwamba watu hawakuweza kuingia. Japani ilikuwa nchi ya ASIMO, roboti ya Honda yenye miguu miwili iliyozinduliwa mwaka 2000 na kupendwa dunia nzima, na watu waliuliza kwa haki kabisa: roboti zetu ziko wapi? Zilizoingia kwanza, Aprili mwaka huo, zilikuwa PackBot kutoka Marekani, mashine fupi zinazotambaa kwa minyororo kama ya kifaru na kuendeshwa na watu kwa mbali. Baadaye iliingia Quince, roboti ya Kijapani, nayo pia ya minyororo. Kuta nene za zege huzuia mawimbi ya redio, kwa hiyo Quince iliburuta waya wa mawasiliano. Oktoba 2011 waya huo ulikwama ndani ya jengo na mashine ikabaki humohumo. Fikra za watu zilikuwa kwenye miguu na vichwa, na kilichoamua kazi kilikuwa waya.

Kutokana na janga hilo, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, liliandaa mashindano ambayo fainali yake ilifanyika Pomona, California, Juni 2015. Kulikuwa na kazi nane, zikiwemo kuendesha gari, kushuka garini, kufungua mlango, kukata ukuta na kupanda ngazi, katika muda wa saa moja. Roboti nyingi zenye umbo la mtu zilianguka, baadhi wakati wa kushuka garini, nyingine mbele ya mlango. Mshindi, DRC-Hubo ya chuo cha KAIST cha Korea Kusini, ilimaliza zote kwa dakika 44 na sekunde 28. Ilikuwa na miguu miwili, lakini ilikuwa pia na magurudumu magotini na kwenye nyayo, na kila palipokuwa na sakafu tambarare ilipiga magoti na kubingirika. Kutembea ilikuacha kwa ajili ya mahali pasipo na njia nyingine.

Sababu ya kupiga magoti inaeleweka ukijua kusimama kunavyogharimu. Mtu akisimama hunyoosha magoti na mifupa ikabeba uzito. Roboti nyingi za miguu miwili husimama zikiwa zimekunja magoti kidogo, kwa sababu mguu ulionyooka kabisa hauachi nafasi ya kurefuka zaidi, na programu ya kudhibiti mizani inahitaji nafasi hiyo pande zote. Magoti yaliyokunjwa yanazitaka mota zikaze muda wote hata kama hakuna kinachosogea. Joto linalozalishwa kwenye nyaya za mota hupanda kwa mraba wa umeme unaopita: mzigo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kwa hiyo roboti iliyosimama tu ikisubiri inaweza kujizima kwa kupata joto, jambo linalomshangaza mgeni aliyezoea roboti wa sinema anayesimama mlangoni usiku kucha. Hata Spot, roboti ya miguu minne ya Boston Dynamics yenye uzito wa kilo 32 hivi, hufanya kazi kwa takriban dakika 90 kisha hurudi kwenye chaji.

Hofu ndiyo sehemu ambako hadithi imetupotosha kwa hatari zaidi. Mwandishi wa hadithi za kisayansi Isaac Asimov alizitunga sheria zake tatu za roboti katika hadithi ya mwaka 1942, ya kwanza ikiwa kwamba roboti hatamdhuru binadamu. Alizitumia kuonyesha jinsi zinavyokwama, lakini kumbukumbu ya watu imezigeuza kuwa kanuni za usalama. Hata azimio la Bunge la Ulaya la Februari 16, 2017 kuhusu sheria za kiraia za roboti lilianza maelezo yake kwa visa vya viumbe waliotengenezwa na watu: Frankenstein, Pygmalion, Golem wa Prague na roboti wa Čapek, kisha likasema kwa usahihi kwamba sheria za Asimov ziwahusu wabunifu, watengenezaji na waendeshaji, kwa kuwa haziwezi kugeuzwa kuwa msimbo wa mashine.

Haziwezi kwa sababu rahisi: mkono wa kiwandani haujui mtu ni nini. Januari 1979, katika kiwanda kimoja cha kusubu huko Michigan, mfanyakazi alipanda kwenye rafu kuchukua vipuri na mkono wa mashine ya kuhamisha vipuri ukampiga kwa nyuma, akafa. Mashine haikuasi. Ilikuwa ikitii, na katika amri zake hapakuwa na mtu. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mkono wa roboti wa kilo mia kadhaa ni kinyago kinachopaswa kumtisha hata aliyekichonga, hasa kinapotulia, kwa sababu kutulia kwake huenda ni kusubiri ishara ya kihisi tu.

Usalama wa kweli una sura ya uzio, geti lenye swichi na hesabu. Mfano wa hesabu: ukiweka pazia la mwanga, yaani safu ya miale inayosimamisha roboti mtu akilikatiza, unapima muda kutoka kukatizwa hadi mkono kusimama kabisa. Tuseme ni nusu sekunde. Mwendo wa mtu anayetembea huchukuliwa kuwa milimita 1,600 kwa sekunde. Pazia basi liwe angalau milimita 800 kutoka eneo la hatari, pamoja na nyongeza kulingana na aina ya pazia. Wengi hulifunga kwa kukadiria kwa macho, au hupima mkono ukiwa mtupu, kisha hufunga kifaa kizito ambacho hurefusha muda wa kusimama, na umbali uliokuwa salama ukawa mfupi bila mtu kubadilisha chochote kwenye pazia.

Ndani ya uzio, wakati wa kuufundisha mkono hatua zake, kasi hupunguzwa hadi milimita 250 kwa sekunde, na fundi hushika kidhibiti chenye swichi nyuma yake. Swichi hiyo ina hali tatu. Ukiiachia, roboti inasimama. Ukiibana kiasi, inasogea. Ukiibana kwa nguvu zote, inasimama tena. Aliyeibuni alimjua mwanadamu: anayeshtuka ama huachia kila alichoshika, ama hukikaza kwa nguvu zake zote, na haijulikani mapema ni lipi. Katika kifaa hiki kidogo mna hekima nyingi kuhusu kuishi na mashine kuliko katika sheria zote tatu, kwa sababu hakimwombi roboti awe mwema.

Zipo pia roboti za kufanya kazi kando ya watu bila uzio, zinazosimama zikigusa kitu. Waraka wa kimataifa wa ISO/TS 15066 wa 2016 unaorodhesha sehemu 29 za mwili na kiwango cha msukumo kinachovumilika kwa kila moja. Kosa linalorudiwa ni kudhani usalama uko kwenye mkono. Uko kwenye kazi nzima: mkono mpole ulioshika kisu, au bati lenye ncha kali, ni kisu kinachotembea.

Na umbo la mtu linaongeza tatizo ambalo sinema haijawahi kuligusa. Kitufe chekundu cha dharura kwenye mashine ya kawaida hukata umeme na kila kitu hutulia. Ukikata umeme wa roboti iliyosimama kwa miguu miwili, huanguka, na inaweza kumwangukia huyohuyo aliyebonyeza. Penye urembo ndipo penye urimbo. Anayetaka mashine ya miguu miwili ndani ya nyumba yenye mtoto anayetambaa aulize kwanza swali hili: ikizimika ghafla, inaangukia wapi?

Tangu mwishoni mwa 2022, programu zinazozungumza kwa ufasaha zimeongeza nguvu ya mazoea haya. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza ELIZA, programu iliyorudisha maneno ya mtu kwa mtindo wa maswali, akastaajabu jinsi watu walivyoifungulia moyo. Leo sauti ya namna hiyo, iliyo bora mara nyingi zaidi, inaweza kuwekwa ndani ya mwili wenye mikono. Sehemu inayoongea hufikiri kwa sekunde nzima au zaidi; sehemu inayoshika mizani hurekebisha mota mara mia kadhaa hadi 1,000 kwa sekunde, na haijui Kiswahili wala Kiingereza. Roboti ikisema "nakupa kikombe", sentensi hiyo si ushahidi kwamba kikombe kimeonekana.

Kwa hiyo ukitazama video ya roboti, acha uso wake na uangalie pembeni. Tazama watu wanaopita nyuma, au maji yanayomiminika: mwendo wao ukiwa wa haraka kupita kawaida, picha imeharakishwa. Hesabu mara ngapi picha inakatwa, maana kila mkato unaweza kuficha jaribio lililoshindikana. Tafuta kamba juu ya roboti ya miguu. Angalia kama vitu viko palepale, rangi zilezile, taa ileile. Halafu uliza nani anaendesha. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alionyesha mashine ya kucheza sataranji iliyovalishwa kilemba, na ndani yake alijificha mchezaji hodari. Kuendesha kwa mbali si ubaya: mfumo wa upasuaji wa da Vinci haukati kitu kwa uamuzi wake, daktari hukaa kwenye kiti chake na vyuma hufuata vidole vyake, na wagonjwa wamefaidika. Ubaya ni kukuonyesha mkono wa mtu ukidhani ni akili ya mashine.

Roboti ambayo watu wengi wataigusa kwanza ni ile ya kufagia. Nayo hupokewa kwa matarajio yaleyale: inafika kwenye zulia jeusi, inarudi nyuma, inazunguka, inasimama, na mwenye nyumba anasema ina kiburi au ni mjinga. Igeuze chali. Ukingoni utaona vidirisha vidogo, mara nyingi vinne au zaidi. Kila kimoja hurusha infraredi chini na kusubiri irudi. Isiporudi, mashine hudhani imefika ukingo wa ngazi. Rangi nyeusi hufyonza mwanga huo, kwa hiyo zulia jeusi kwake ni shimo. Vumbi kwenye vidirisha hivyo huleta dalili hiyohiyo hata kwenye sakafu nyeupe, na kitambaa kikavu hutosha kuviponya. Wapo wanaoviziba kwa karatasi nyeupe ili ipite kwenye zulia. Itapita, na siku ikifika kwenye ngazi za kweli itashuka nazo.

Mahali ambapo lugha huleta gharama inayopimika ni kwenye daftari la hitilafu. Zamu ya usiku inaandika: "Roboti amegoma tena saa nane." Fundi wa asubuhi akisoma hivyo hana pa kuanzia, atazima, atawasha, atasubiri. Daftari linalofaa lina safu tano: saa, hatua ya programu iliyokuwa ikitekelezwa, kitu kilichoshikwa, ujumbe ulio kwenye skrini kama ulivyoandikwa, na kilichofanywa na mtu dakika moja kabla. Likijazwa, linasomeka hivi: "8:10 usiku. Hatua ya 7. Boksi la kati. Shinikizo la kufyonza liko chini. Boksi zimebadilishwa, hizi zina vumbi juu." Fundi anakwenda moja kwa moja na kitambaa na mpira mpya wa kufyonzea.